Nanga Kwenye Kitambaa cha Jeneza

Shangazi yangu hakuweza kukushonea hata kifungo bila kukufundisha kitu. Ukimpelekea sketi ya kupunguza, ulirudi na sketi na somo, na somo lenyewe lilikuwa moja miaka yote: ishara za Wakristo wa kwanza. Samaki, nanga, tausi, njiwa, mchungaji aliyebeba kondoo mabegani. Wateja walimbandika jina la Mama Nanga, naye akalipokea kama cheo. Mimi ni mtoto wa kaka yake, nililelewa katika chumba chake cha kushonea tangu mama yangu alipofariki, na hadithi ya nanga nilikuwa nimeisikia mpaka masikio yakaota sugu. "Shangazi, hiyo naijua," namwambia. "Unaijua kwa masikio," ananijibu, kisha anaianza upya.

Niseme mapema kwamba nina hasira za karibu. Watu wa nyumbani wanalijua hilo kuliko ninavyolijua mimi. Kwa hiyo nikimsema mtu vibaya humu, mpunguzie nusu. Nusu inayobaki ni yake.

Chumba kile kilikuwa na dirisha moja kubwa linalotazama barabara, meza ndefu ya mbao, na cherehani ya miguu aliyoitumia kwa kupiga pindo tu. Nyuzi zilikaa kwenye makopo juu ya rafu, zimepangwa kuanzia nyeupe mpaka nyeusi, na ole wako urudishe kopo la samawati mahali pa kijani. Kazi ya riziki ilikuwa kudarizi nembo za shule kwenye mifuko ya mashati na majina ya hoteli kwenye mataulo. Kazi ya moyo ilikuwa ya kanisa. Nembo ya shule aliimaliza huku akipiga soga na wateja. Kitambaa cha madhabahu alikidarizi kimya, amevaa miwani miwili, mmoja juu ya mwingine.

Ishara zile alifundishwa na mtawa mzee katika shule ya ushonaji, alipokuwa msichana wa miaka kumi na sita. Mtawa yule alikuwa na kitabu kikubwa cha picha za makaburi ya chini ya ardhi, ambako Wakristo wa zamani walizika wafu wao na kuchora ukutani. Alipostaafu alimwachia shangazi kitabu kile, na shangazi akakitunza kwenye sanduku la mbao mpaka siku moja alipolifungua akakuta vumbi na majalada mawili. "Simba waliwala Wakristo hawa mara ya kwanza," alisema, "sasa mchwa wamewamalizia." Alicheka mpaka akafuta machozi. Sikujua wakati ule kwamba kitabu kile kingekuja kuhitajika.

Sasa nieleze kitambaa chenyewe. Kanisani kwetu kila marehemu, awe nani, jeneza lake hufunikwa kitambaa kimoja kilekile kuanzia mlangoni mpaka mwisho wa ibada. Lilikuwa wazo la mchungaji wetu wa zamani. Alichoka kuona jeneza la mmoja lina vishikio vya kung'aa na la mwingine ni mbao ambazo misumari inachungulia nje. Alimwambia shangazi: "Nishonee nguo moja ya kuwavisha wote." Shangazi alitumia miaka miwili na miezi minne. Kilikuwa cha kitani kizito, cheupe, kinachoshuka pande zote karibu kugusa sakafu.

Upande wa kichwa alidarizi samaki wawili. Katika lugha ya Kigiriki, alisema, ukichukua herufi za mwanzo za maneno ya kusema kwamba Yesu ni Kristo, Mwana wa Mungu, Mwokozi, zinakupa neno samaki. Kwa hiyo aliyechora samaki alikuwa ameungama imani yote bila kufungua mdomo. Tena samaki haishi nje ya maji, na Mkristo naye amezaliwa majini, siku ya ubatizo. Katikati aliweka herufi mbili zilizopandana, moja kama X na nyingine kama P, ambazo ndizo mwanzo wa jina Kristo kwa Kigiriki hichohicho. Upande wa miguu aliweka tausi, kwa sababu watu wa kale waliamini nyama ya tausi haiozi, wakamfanya kuwa ndege wa ufufuo. "Kwani ni kweli haiozi?" nilimuuliza nikiwa mdogo. "Mimi nitajuaje? Sijawahi kuweka tausi ndani nikamsubiri," alisema. "Walikosea habari za ndege. Habari za ufufuo hawakukosea."

Nanga aliiweka kifuani. Hiyo ndiyo aliyoipenda. Meli ikiyumba, alisema, mtu wa melini haioni nanga yake, anaona kamba tu inapotelea majini. Tumaini ni hivyohivyo, limeshika mahali usipopaona. Ila nanga ya Mkristo haikutupwa chini, imetupwa juu, alikotangulia Kristo, na sisi huku chini tumeshika ncha ya kamba. Kwa sababu hiyo aliidarizi makucha yakielekea kichwani kwa marehemu, kana kwamba yamekamata mbingu, na kamba ikishuka mpaka pale mikono ya maiti inapolazwa. Hata maskini asiyejua kusoma, alisema, ataona kwamba huyu aliyelala hapa ameshika kitu.

Jeneza la kwanza kufunikwa kwa kitambaa kile lilikuwa la mume wake, fundi saa, miezi miwili baada ya kazi kuisha. Nilimwona akiinama kurekebisha kitambaa ili kamba ikae sawasawa mahali pa mikono. Baada ya hapo kikafunika kila mtu kwa miaka kumi na tisa. Mimi nilipokuwa karani wa kanisa, kabati lililokitunza likawa chini ya ufunguo wangu.

Pale kona ya barabara yetu kuna duka la vyombo, sufuria na vikombe na ndoo, na mwenye duka ni mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mpole, anayefunga kila kikombe kwenye gazeti hata ukimwambia usijisumbue. Katika miezi kumi na moja alimzika mumewe, kisha mama mkwe wake, kisha binti yake wa miaka tisa, homa ya siku nne. Wote watatu walifunikwa kitambaa kile. Siku ya mtoto alikwenda mbele, akalishika jeneza, na wanawake wawili walilazimika kumbandua vidole kimoja kimoja. Sitaki kulieleza sana hilo.

Wiki moja baada ya mazishi ikaanza kuzunguka video kwenye simu za watu. Mwanaume mwenye miwani myeusi, sauti kama ya mnadi, alikuwa akifichua alama za chama cha siri kinachotoa watu kafara. Alionyesha nanga. Alionyesha samaki. Alionyesha herufi zilizopandana, na ndege mwenye macho mkiani. Nilitumiwa mara sita, na mara zote sita nikaifuta kwa hasira, nikidhani nimeimaliza.

Jumanne asubuhi mama wa vyombo akaingia ofisini kwangu, simu mkononi. Hakuwa na fujo. "Dada karani," alisema, "naomba nikione kile kitambaa." Ningeweza kusema ufunguo umepotea. Ningeweza kusema arudi kesho, shangazi akiwepo. Badala yake nilikitoa, nikakitandaza mezani mwenyewe, tena kwa kukidharau kile alichokuwa nacho kwenye simu. Nilitaka aone jinsi kilivyo kizuri. Alikizunguka polepole, akasimama upande wa miguu, akaelekeza kidole kwenye nanga.

"Huu si msalaba?"

"Ni nanga. Lakini ndiyo, ndani yake kuna msalaba. Wale watu wa zamani waliuficha humo, ndiyo maana yake."

"Mbona uko kichwa chini?"

Nikatazama. Nanga ina mti mmoja mrefu na mti mfupi unaokatiza karibu na pete ya kufungia kamba, na huo ndio msalaba wake. Lakini hii ilikuwa imegeuzwa makucha juu, kwa hiyo ule mti mfupi ulikuwa chini. Miaka yote ya ukarani nimekikunja na kukikunjua, na sikuwahi kuuona. Sasa sikuweza kuona kitu kingine. Msalaba uliosimama kichwa chini, umedariziwa kwa uzi wa bluu, umelala juu ya kifua cha kila mtu tuliyemzika.

"Mara tatu," alisema mama wa vyombo. "Mmekiweka juu ya watu wangu mara tatu." Akatoka bila kufunga mlango.

Ijumaa yake kikaitwa kikao cha wazee wa kanisa. Shangazi alialikwa aje kueleza. Hapa ndipo moyo wangu unapouma zaidi, kwa maana alifurahi. Maisha yake yote alikuwa akiwaeleza watu ambao hawakuuliza, na leo kanisa zima linauliza. Alivaa gauni lake la kijivu la sikukuu, akabeba hata miwani yote miwili. Njiani nilijaribu kumwambia. "Shangazi, hawakuiti kwa wema." "Mtu akikuuliza maana ya kitu, mjibu," alisema. "Mambo ya nia yake muachie mwenyewe."

Mwenyekiti wa wazee alikuwa dereva mstaafu wa lori, mtu mwenye shingo nene na sauti ya kuongea huku injini inanguruma. Mchungaji wetu mpya, kijana wa miaka thelathini na mbili, alikaa pembeni yake akichezea kalamu. Mimi nilikuwa na daftari la kumbukumbu mbele yangu. Kitambaa kilikuwa mezani.

Shangazi alianza na samaki. Alieleza vizuri, kwa furaha, mikono ikiruka hewani. Alisema siku zile Wakristo walikuwa wakiteswa, kwa hiyo walitumia ishara ambazo wenyewe walizielewa na askari hawakuzielewa. Mtu angechora nusu ya samaki mchangani, husemwa hivyo, na mwenzake akiichora nusu ya pili wangejuana.

"Subiri hapo," alisema mwenyekiti. "Zilikuwa ishara za siri?"

"Za siri, ndiyo. Kwa sababu ya hatari."

"Zinazojulikana na wenyewe tu."

"Na wenyewe tu, baba."

"Na walikutania chini ya ardhi."

"Makaburini, ndiyo, walikuwa wakizika huko na kusali."

Mwenyekiti akanigeukia. "Karani, andika. Amekubali ni ishara za siri, za watu waliokuwa wakikutana makaburini."

Niliweka kalamu chini. Nilimwambia kwamba kama miaka thelathini aliyoendesha lori alisoma alama za barabarani kama anavyosoma hizi, basi Mungu amewahurumia sana watembea kwa miguu. Watu wawili walicheka. Wengine wote walikasirika, na kuanzia hapo kila nilichosema kikawa ni matusi ya mtoto anayemtetea mzazi. Nilikuwa nimemchongea shangazi kwa mdomo wangu mwenyewe. Mchungaji aliniomba niandike au nitoke. Nikaandika.

Shangazi hakukata tamaa. Aliendelea na tausi, na mtu akauliza kwa nini ana macho mengi. Akaenda kwenye herufi, na mtu akauliza kwa nini zimeandikwa kwa lugha ambayo hakuna hata mmoja anayeijua hapa. Kila alichokijibu kweli kilimzamisha. Mwishowe mwenyekiti akaweka mkono wake mkubwa juu ya nanga. "Na msalaba huu, mama. Nani alikuagiza uugeuze?"

Alivaa miwani ya pili. Akainama. Nilikuwa sijamwambia; nilikuwa nimekaa na jambo lile siku tatu nikashindwa kulitamka. Alitazama kwa muda mrefu sana, kidole kikifuata ule mti mrefu, kisha ule mfupi.

"Sikuuona," alisema. "Nilikuwa nafikiria kamba."

"Hukuuona miaka kumi na tisa?"

"Sikuuona, baba. Nanga imetupwa juu. Nilikuwa nafikiria kamba tu, ifike mikononi." Akaketi. "Yesu wangu," alisema, tena si kwa kuapa. Mtu hawezi kutia nanga juu na msalaba ukabaki umesimama, vyote viwili kwa uzi mmoja. Hilo ningelisema leo. Siku ile hakuna aliyelisema, na yeye mwenyewe alionekana mwenye hatia kuliko mtu yeyote niliyewahi kumwona.

Mchungaji alijaribu kumwokoa, nampa haki yake. Akauliza nani aliyeupitisha mchoro. Shangazi akasema mchungaji wa zamani, alikuja chumbani, akauona kwenye karatasi, akaubariki. Basi, akasema mchungaji, naye aulizwe.

Kesho yake tukaenda, mimi na shangazi, na kitambaa ndani ya mfuko wa plastiki. Mchungaji wa zamani alikuwa akiishi na binti yake katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya magari. Binti akatuonya mlangoni kwamba baba siku hizi si yule. Tulimkuta amekaa kitandani, amenyolewa vizuri, shati limefungwa vifungo vyote. Shangazi akapiga magoti mbele yake akakitandaza kitambaa juu ya mapaja yake.

"Baba mchungaji, unaikumbuka hii?"

Alikipapasa. Kidole chake kikapita juu ya nanga, kikashuka na kamba mpaka mwisho. Uso ukamchangamka.

"Nzuri," alisema. "Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa, baba. Tunauliza kama unakumbuka uliniambia niidarizi."

"Poleni sana," alisema. "Nani amekufa?"

Aliuliza mara nne. Mara ya nne shangazi akasema, "Ni mume wangu, baba," na mzee akaweka mkono juu ya kichwa chake, akamwombea sala nzima ya wafiwa bila kukosa neno. Tulirudi kwa miguu. Nilikuwa nimekasirika, sijui na nani. Huwezi kumkasirikia mzee aliyesahau, wala mchwa, wala mama aliyezika watatu, na hasira isiyo na mwenyewe ni mzigo mbaya.

Nikamwendea mchungaji kijana peke yake, ofisini. Sikubisha hodi.

"Chuoni mlifundishwa ishara hizi au hamkufundishwa?"

"Tulifundishwa."

"Shangazi amekosea?"

"Hajakosea. Wapo walioieleza nanga kama yeye anavyoieleza." Alisugua uso. "Dada karani, najua unachotaka. Nikisimama Jumapili nikasema hivyo, nusu wataondoka, na watakaobaki watakuwa wananitazama vidole kama nimevaa pete ya chama kile. Hilo ningelivumilia. Lakini yule mama? Nitamwambia kwamba kitambaa ni kizuri, kitaendelea kufunika watu? Nilikwenda kwake jana. Hafungui duka. Ameketi tu katikati ya masufuria. Nikimtetea shangazi yako, ninamwambia yeye kwamba vifo vile havina sababu. Na hana kitu kingine zaidi ya sababu hiyo."

Nilikuwa nimekuja na maneno mengi. Nikakuta sina hata moja la kumpiga nalo. Nikaondoka nikiwa nimemchukia kidogo kwa kuwa mkweli.

Wazee wakaamua Jumatano, na mkono wangu ndio ulioandika: alama zote ziondolewe, kitambaa kibaki cheupe, kiwe tayari Jumamosi kwa sababu kulikuwa na mazishi. Mmoja alipendekeza kichomwe moto. Shangazi, aliyekuwa amekaa mlangoni, akainua mkono kama mwanafunzi. Akasema atakifumua mwenyewe, maana mtu asiyejua kufumua atachana kitani, na kitani kama kile hakipatikani tena. Mwenyekiti alimshukuru kwa ushirikiano wake. Nililiandika neno hilo, ushirikiano, na ncha ya kalamu ikatoboa karatasi.

Kufumua darizi ni kazi ngumu kuliko kudarizi. Unakata uzi kwa nyuma, mshono mmoja mmoja, kisha unageuza na kuuvuta kwa mbele kwa ncha ya sindano. Ukiuvuta kwa haraka, kitambaa kinakunjana na hakinyooki tena. Shangazi alianza Jumatano ileile, na Alhamisi mchana, nilipotoroka ofisini kwenda kumsaidia, samaki walikuwa wameisha, herufi zimeisha, na tausi amebaki miguu. Alikuwa amefikia nanga. Nilimwambia apumzike. Akasema akipumzika hatairudia kazi hii.

Ndipo mama wa vyombo akabisha hodi. Alisema ameagizwa na wazee, lakini uso wake ulisema amejiagiza. Alitaka kuona kwa macho yake. Nilisimama ili nimtoe, na shangazi akanishika sketi nikakaa. Akamvutia mgeni kiti upande wa pili wa meza, akampa mkasi mdogo wa ncha kali, akamwonyesha jinsi ya kuingiza ncha chini ya uzi bila kugusa kitani. Mama yule alijifunza upesi. Mikono iliyozoea kufunga vikombe ina utulivu wake.

Wakafanya kazi kama saa nzima, wawili hao, vichwa vimekaribiana. Vipande vya uzi wa bluu vilikuwa vikiwaangukia mapajani. Makucha yaliisha. Ikabaki kamba na ule msalaba uliogeuka.

"Mama," alisema mwenye duka, "hii ilikuwa na maana gani?"

Nilimtazama shangazi. Nilikuwa nimemsikia akilijibu swali hilo maelfu ya mara, kwa watu waliouliza na wasiouliza, kwa mama aliyeleta sketi, kwa postamasta, kwangu mimi.

"Pambo tu, binti yangu," alisema. "Halina maana yoyote."

Nilielewa papo hapo alichokuwa akifanya. Kama halina maana, halina nguvu; kama halina nguvu, halikuua mtu. Alikuwa ameamua kumpa yule mama usingizi, na bei yake alikuwa anailipa kwa kitu pekee alichokuwa nacho. Nilimwonea fahari, nikamwonea huruma, nikataka kupiga kelele.

Mkasi wa mwenye duka ukasimama.

"Halina maana?"

"Halina. Ni uzi. Uzi hauwezi kumdhuru mtu."

Mama yule alitazama vipande mapajani mwake. "Siku ya mwanangu," alisema, "niliposhika jeneza, nilishika hapa. Hii kamba. Sikujua ni nini, lakini niliona inakwenda juu. Nikasema, Mungu, mshike huko, mimi nimeshika huku. Walipokuwa wananibandua vidole nilikuwa sijamaliza kusema." Akaokota kipande kimoja cha uzi. "Niliposikia ni kitu kibaya nilitaka kufa, kwa sababu nilikuwa nimekishika. Sasa unaniambia si kitu. Kwa hiyo nilishika uzi."

Shangazi akaweka mkasi chini. Akamwambia yote. Akamwambia nanga imetupwa juu, akamwambia ndiyo hasa, wewe uliisoma bila kufundishwa, hakuna mtu katika miaka kumi na tisa aliyeisoma kama wewe. Akamwambia kwamba mtoto ameshika ncha ya kamba ileile. Alisema kwa haraka, maneno yanagongana, yeye aliyekuwa akilieleza jambo hili kwa utulivu hata wali ukaungua jikoni. Mama wa vyombo alimsikiliza mpaka mwisho.

"Lakini sasa hivi umesema ni pambo."

"Nilisema hivyo ili upumzike."

"Na hili la sasa? Si ili nipumzike pia?"

Shangazi akanigeukia mimi, kwa mara ya kwanza maishani mwake akinigeukia mimi nimsaidie kueleza, na mimi, mwenye mdomo kuliko ukoo mzima, sikupata neno. Ningesema ni kweli, angesema mimi ni mtoto wa kaka yake. Ningeonyesha nanga, makucha yalikuwa yamelala mapajani mwao.

"Sikulaumu, mama," alisema mwenye duka. "Ila sitajua tena lipi."

Nje gari lilipita, likapiga honi. Kitambaa kilikuwa bado na kamba yote na ule msalaba, na Jumamosi kulikuwa na mtu wa kuzikwa. Mwenye duka akauokota mkasi, akaingiza ncha chini ya mshono kama alivyofundishwa. Shangazi alikishika kitambaa upande wake, akakivuta kidogo ili kisikunjane, na mama yule akaendelea kukata.